AI na sayansi: nilivyouvika mchu mizizi ya mkoko

Umeuliza kama ni sawa kutumia AI kuandika maelezo ya sayansi kwa watu wa mtaani ama ni udanganyifu. Mie naitumia, lakini nshaaibika nayo kwanza ndo nikajua pa kuishika.

Tulikuwa twatengeneza bango la vijana wanaopanda mikoko huku Mikindani, Mombasa, muda hakuna, nikaiambia AI iniandikie maneno na picha inichoree hiyo hiyo. Ikatoa kitu wallahi cha kupendeza, nikaprinti bila kutazama mara mbili. Siku ya kubandika mzee mmoja mvuvi akalitazama weee kisha akaniuliza, "Mwanangu, huu ndio mchu?" Nikamwambia ndio mzee. "Sasa mbona umeuvika mizizi ya mkoko?" Watu walicheka mpaka nikatafuta pa kujificha.

Kwa wasiojua, miti hii yote kwa jumla twaiita mikoko, lakini kila aina ina jina lake: mchu mizizi yake yachomoza kwenye tope kama penseli, mkoko wenyewe ndio ule wa miguu iliyopinda kama buibui. Na maneno nayo yalikuwa hovyo, ati mikoko yote ipandwe pale mbele maji yanapopiga, na Kenya hii tuna aina 9 na kila mmoja una pahali pake, mlilana ndio unaokabili bahari, mkandaa uko nyuma huko. Vijana wangefuata lile bango miche ingekufa na jasho lao lingekwenda na maji, kwa hiyo tusiseme ni kosa dogo la picha.

Hii kitu haijui mikoko. Inapanga neno linaloelekea kufuata neno lingine, kutokana na maandishi iliyolishwa, na mengi ni ya Kizungu. Mchu, muia, mkomafi, yote kwake ni mikoko tu. Siku nyingine ikanielezea matumbawe kupauka ikasema "yamepigwa bleach", ukimsomea mvuvi hivyo atadhani kuna mtu kamwaga jiki baharini, na kumbe ni maji yamepata joto mpaka tumbawe likatoa vile vimwani vinavyolilisha na kulipa rangi, kama pwani yetu mwaka 1998 wakati wa El Niño. Na nilipoiomba ushahidi ikanipa utafiti una kichwa, mwaka, jina la mwanasayansi, kila kitu. Nikautafuta kutwa nzima, haupo!

Sasa mie nafanya kinyume. Naandika mwenyewe kwanza, vibaya vibaya hivyo hivyo, kisha naiambia ikate sentensi ndefu ama ijifanye mama wa samaki pale Old Town aniulize maswali, na hapo wallahi inasaidia, maswali mengine sikuyafikiria. Nikiwa na ripoti ndefu naipa ripoti yenyewe naiambia kila sentensi inionyeshe ukurasa, halafu naufungua ule ukurasa kwa macho yangu. Kama jambo siwezi kulihakiki mwenyewe ama kumuuliza mtu anayelijua, halitoki. Picha za viumbe sichoreshi tena, maji yakipwa nateremka na simu napiga. Mchoro wa kupamba tu nikiutumia naandika chini kuwa umechorwa na AI, na hakuna aliyenilaumu bado.

Ah na jambo moja watu hulisahau, usiibwagie mahojiano ya wavuvi yakiwa na majina na namba za simu na miamba wanayovulia. Hizo ni siri za watu na kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, lakini hata bila sheria, mtu kakuambia wewe, hakuiambia mashine.

Bango la pili nilimpelekea yule mzee kabla ya kuprinti. Akaligeuza geuza, akasema mizizi sawa, ila maandishi madogo hayaoni. Nikayakuza.