Kiraka cha kasoro ya kache katika keneli ya Linux

SWALI: Tunatengeneza vifaa vya mtandao vinavyotumia prosesa ya Arm Cortex-A53. Mara chache, pakiti zinazoingia husomeka zikiwa na data ya zamani. Nilipobadilisha amri ya kache (hifadhi ndogo ya haraka ndani ya prosesa) iitwayo DC CVAC kuwa DC CIVAC ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, tatizo liliisha. Nilituma kiraka, yaani badiliko la msimbo, kwa wasimamizi wa keneli, wakaniuliza tu kasoro hiyo ya prosesa ni namba ngapi katika orodha ya mtengenezaji. Nifanye nini ili kipokelewe?

JIBU: Ndugu msomaji, uliulizwa swali la haki, kwa sababu kiraka chako kimeonyesha kwamba dalili imetoweka, lakini hakijaonyesha chanzo chake. DC CVAC huandika kwenye kumbukumbu data iliyobadilishwa ndani ya kache na kuiacha nakala palepale. DC CIVAC huandika vivyo hivyo, kisha huibatilisha nakala. Kwa hiyo badiliko lako lingeweza kuificha hata draiva (programu inayoiendesha kadi) iliyosahau kuita dma_sync_single_for_cpu, fanksheni ya keneli inayoondoa nakala za zamani kwenye kache, baada ya kadi ya mtandao kuandika kumbukumbuni, kwa kuwa nakala ya zamani imekwisha kuondolewa na prosesa inalazimika kusoma upya. Hata hivyo kosa lingebaki, maana prosesa huweza kuvuta data kwenye kache kwa kukisia, kabla programu haijaiomba. Kwa dalili unazozieleza, mimi ningeishuku draiva kwanza. Washa chaguo la keneli la CONFIG_DMA_API_DEBUG, ambalo hunasa baadhi ya makosa ya aina hii, kisha upitie mwenyewe kila mahali bafa, yaani eneo la kumbukumbu linalobeba pakiti, inapobadilisha mikono kati ya kadi na prosesa.

Draiva ikionekana haina kosa, soma namba ya prosesa ambayo keneli huichapa inapowaka. Katika 0x410fd034, kwa mfano, 41 ni Arm, d03 ni Cortex-A53, na 4 ya mwisho ni toleo la marekebisho ya chipu, linaloandikwa r0p4. Namba hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Kasoro 826319, 827319 na 824069 zinahusu r0p0 hadi r0p2, na 819472 inahusu r0p0 na r0p1; tiba ya zote nne ni hiyohiyo uliyoigundua, nayo imo ndani ya Linux tangu toleo la 3.19. Ikiwa chipu yako ni mojawapo ya hizo, huna cha kutuma: hakikisha tu kwamba hakuna aliyezima vipengele husika wakati wa kuijenga keneli. Kuanzia r0p3 kuna kasoro 855873 ya kuzingatia, lakini prosesa hizo zina biti katika rejista ya CPUACTLR_EL1 inayoifanya prosesa yenyewe igeuze amri hizo. Biti hiyo huwekwa na fimuwea, programu inayowaka kabla ya keneli, na Trusted Firmware-A, mojawapo ya fimuwea hizo, ina chaguo la ERRATA_A53_855873 kwa kazi hiyo. Kuibebesha keneli mzigo ambao fimuwea inaweza kuubeba ni njia fupi ya kukataliwa.

Tuseme umebaki na kasoro mpya kweli. Mwombe mtengenezaji wa chipu waraka rasmi wa kasoro, kisha uandike katika maelezo ya kiraka namba, marekebisho yanayohusika, mazingira yanayoiamsha na madhara yake. Usibadilishe amri kwa kila mtu. Sajili kasoro katika faili la cpu_errata.c, ili keneli igeuze amri hizo inapowaka pale tu inapoikuta prosesa yenye kasoro; ongeza chaguo lake katika Kconfig, orodha ya chaguo za kuijenga keneli, na mstari katika silicon-errata.rst, waraka wa keneli unaoorodhesha kasoro za prosesa.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni programu za watumiaji. Programu inayozalisha msimbo wake ikiwa inaendelea kufanya kazi hutoa amri ya DC CVAU, nayo ya kusafisha kache, yenyewe bila kupitia kwenye keneli, na kwa hiyo tiba ya mwanzo ya Cortex-A53 haikuifikia. Mwaka 2016 ilibidi kiongezwe kiraka kingine kinachoinasa amri hiyo na kuitekeleza kwa njia salama. Msimamizi makini atakuuliza hilo. Afadhali jibu liwemo tayari.

Mengine ni utaratibu: pitisha kiraka kwenye checkpatch.pl, skripti inayokagua mtindo wa viraka, tafuta wasimamizi kwa get_maintainer.pl, na uweke mstari wa Signed-off-by wenye jina lako. Ukitaka kifike pia kwenye matoleo ya zamani, ongeza mstari wa Cc wa stable, ukijua kwamba huko hakitachukuliwa kabla hakijaingia katika keneli kuu.