T430 inayogonga: okoa mafaili kwanza, halafu weka SSD

Mkuu, umeeleza kwamba laptopu yako ya ThinkPad T430 inachelewa sana kuwaka, inastaki ukifungua hata faili dogo, na sasa imeanza kutoa mlio wa kugonga-gonga. Fundi amekushauri uweke hadidiski nyingine ya 1 TB, nawe unauliza kama SSD (diski isiyo na kinachozunguka ndani) ingefaa zaidi na kama unaweza kuifunga mwenyewe. Mimi nasimamia kompyuta za shule, nyingi ni used za umri huohuo wa T430, na diski ndicho kifaa ninachobadilisha kuliko vyote. Jibu langu kwa maswali yote mawili ni ndiyo. Lakini kabla ya dukani kuna mafaili, na hapo ndipo ninaposisitiza zaidi.

Mlio ule unamaanisha kwamba kichwa kinachosoma sahani za ndani kinashindwa kupata mahali pake, kinarudi nyuma, kinajaribu tena. Kila dakika inayozunguka katika hali hiyo inaweza kuwa ya mwisho. Kwa hiyo kuanzia leo usiifanyie kazi yoyote zaidi ya kutoa vitu. Usipige Windows upya humohumo, usiendeshe chkdsk (ukaguzi wa diski wa Windows), usifanye difragi (kupanga upya mafaili kwenye diski). Hayo yote yanailazimisha diski mgonjwa isome na kuandika kutoka mwanzo hadi mwisho wakati nguvu yake imebaki kidogo.

Chomeka diski ya nje uanze na vile ambavyo huwezi kuvipata tena popote: ripoti yako ya mafunzo kwa vitendo, vyeti ulivyoskani, picha za familia. Muziki na filamu vije mwisho. Faili likigoma, liruke uende la pili, usikae kulisubiri. Windows ikikataa kuwaka kabisa, tengeneza flashi ya Linux Mint, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, kwenye kompyuta ya rafiki, washa T430 kwa flashi hiyo bila kuinstoli chochote, na mara nyingi utaweza kufungua folda zako na kuzinakili. Ikiwa Windows inaomba ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la diski), ni ule wenye tarakimu 48, na kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute kabla hujafungua skrubu yoyote.

Ukishavitoa salama, fungua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayoonyesha afya ya diski, uangalie mistari ya 05, C5 na C6. Namba zikiwa juu ya sifuri, uso wa diski una sehemu zilizokufa au zinazokufa. Uangalie na C7: huo ukipanda peke yake, shaka inahamia kwenye waya au soketi, na diski mpya haitakusaidia. Kwako mlio umeshasema, lakini wengine wenye laptopu nzito tu bila mlio waanzie hapa kabla ya kutoa hela.

Sasa diski ipi. Ushauri wa hadidiski ya 1 TB siukubali. Hadidiski ya laptopu inayozunguka mara 5400 kwa dakika husoma takriban MB 100 kwa sekunde ikiwa faili ni moja kubwa lililonyooka. Windows ikiwaka haisomi hivyo. Inaokota mafaili madogo maelfu yaliyotawanyika, na kila moja kichwa kihame, kisubiri sahani ifike. SSD haina kinachozunguka wala kinachohama. Sehemu kuu ya diski kwenye T430 ni SATA (aina ya soketi ya diski) ya gigabiti 6 kwa sekunde, kwa hiyo SSD ya SATA itakupa MB 500 na zaidi kwa sekunde, na kwenye yale mafaili madogo ndipo utakapoiona tofauti yake. GB 240 zinatosha Windows na kazi za chuo. GB 480 zikikaa ndani ya bajeti, chukua hizo. Ukihitaji nafasi ya filamu, T430 inakubali fremu ya kuweka diski ya pili mahali pa DVD.

Uliza SSD ya SATA ya inchi 2.5. Ukiambiwa kuna M.2 ya NVMe, aina nyingine ya SSD, yenye kasi zaidi, ni kweli ina kasi, ila T430 haina soketi yake. Kuna kitu kingine ambacho watu hawakiangalii, unene. Hadidiski nyingi za zamani zina mm 9.5, SSD nyingi zina mm 7. SSD nyembamba ikiingia kwenye nafasi ya mm 9.5 bila kujaziwa hucheza, na mahali inapochomeka ndipo panapoumia. Baadhi ya SSD huja na fremu ya plastiki ya kubandika kwa ajili ya pengo hilo, na reli za mpira za T430 nazo zipo za unene wote wawili. Hakikisha una kimojawapo.

Wengi wanaogopa kwamba SSD huisha kwa kuandikwa. Kingston A400 ya GB 240, ambayo ni ya bei ya chini, imetajwa na watengenezaji wake kuvumilia kuandikwa TB 80. Ukiandika GB 20 kila siku, na mwanafunzi wa kawaida haandiki kiasi hicho, hiyo ni karibu miaka 11. Hofu yenye sababu ni diski bandia. SSD ya 2 TB kwa bei ya sahani chache za chipsi haipo duniani. Ukinunua Kariakoo au kokote, omba ichomekwe palepale, fungua CrystalDiskInfo, tazama saa ilizofanya kazi. Ikiitwa mpya huku ina maelfu ya saa, rudisha. Nyumbani ijaribu kwa H2testw, ambayo huijaza yote na kuisoma tena. Ukubwa wa uongo haupiti hapo.

Kufunga ni kazi nyepesi kuliko yote niliyoandika. Zima kabisa, si kuilaza. Toa chaja, toa betri, gusa chuma kisicho na rangi ili kuondoa umemetuli mwilini. Geuza laptopu, legeza skrubu moja inayoshika mfuniko wa diski, utoe mfuniko, vuta diski kwa ulimi wake wa plastiki. Hamisha reli za mpira kwenye SSD, sukuma taratibu hadi ikae, rudisha skrubu. Ikigoma kuingia usitumie nguvu, itoe uangalie upande.

Kwa kuwa diski ya zamani inagonga, usijaribu kuinakili nzima kwenda kwenye SSD. Piga Windows safi kwa flashi ya GB 8 iliyotengenezwa na programu ya Microsoft yenyewe, ukibonyeza F12 wakati wa kuwaka ili uchague flashi. Leseni yako ya kidijitali, kama ilikuwa halali, imefungwa na bodi kuu na si diski, hivyo itajiwasha ukiunganisha intaneti. Ujue tu kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kichakataji cha T430 hakimo kwenye orodha ya Windows 11. Ndiyo maana mashine kama hizi shuleni naziwekea Linux Mint, na zinakwenda vizuri.

Diski ya zamani usimwachie fundi wala usiiuze, ina vyeti vyako. Ikae kabatini mpaka uhakikishe kila faili linafunguka kwenye SSD.

Kabla hujanunua, weka hapa picha ya CrystalDiskInfo na picha ya lebo ya diski iliyomo sasa, niangalie unene wake nikuambie kama utahitaji fremu.