Lebo moja, kontena mbili

SWALI: Nina vijana kumi wanaopakia makontena. Wamepitia semina ya siku moja ya bidhaa hatari, vyeti wanavyo. Juzi nimewakuta wamepanga mapipa ya asidi ya salfa na magunia ya kostiki soda ndani ya kontena moja, eti vyote vina lebo ya daraja la 8. Semina imewanyima nini?

JIBU: Imewafundisha kutambua lebo, ikaishia hapo. Lebo ya 8 husema kitu hiki kinababua ngozi na kula chuma. Haisemi kama ni asidi au alkali, na hivyo viwili vikikutana huchemka na kurusha matone makali. Kanuni za IMDG, yaani kanuni za kimataifa za kusafirisha bidhaa hatari kwa meli, zinaviweka katika makundi mawili yanayotenganishwa. Kontena moja haliruhusiwi, ila kwa idhini ya mamlaka au kwa msamaha wa vifungashio vidogo, na mapipa ya lita 200 si vidogo.

Kwa hiyo wahamishe kutoka kwenye lebo waende kwenye namba ya UN, ile ya tarakimu nne inayotambulisha bidhaa hatari yenyewe. Asidi ya salfa iliyozidi asilimia 51 ni 1830. Kostiki soda kavu ni 1823. Mpe kila kijana hati za shehena, azifuate namba hadi kwenye Orodha ya Bidhaa Hatari iliyo ndani ya IMDG, asome safu ya utenganisho, kisha akujibu: vinaingia pamoja au haviingii? Nusu saa kila wiki kwa hati tofauti itawafaa kuliko semina nyingine ya siku nzima.

Mengine yafundishwe uwanjani, kwa mapipa yaliyojazwa maji. Kontena tupu kwanza: mtu aingie, mwenzake afunge milango akisubiri nje. Mwanga ukipenya, kuna tundu. Apapase sakafu kwa glovu nene akitafuta vichwa vya misumari, maana msumari mmoja hutoboa pipa meli inapoyumba. Vizibo vitazame juu, plaiwudi ikae kati ya safu na safu. Nafasi zote zilizobaki katika mwelekeo mmoja, wa urefu au wa upana, zikijumlishwa, zisizidi sentimita 15. Zikizidi, zibeni kwa mbao au mifuko ya hewa. Mfuko wa hewa usiegemee mlango: humrukia anayefungua. Bidhaa hatari zikiwa sehemu tu ya mzigo, zikae karibu na mlango, zifikike.

Halafu tega mtego. Ingiza pipa moja lenye doa bichi chini ya kizibo, usimwambie mtu. Atakayesimamisha kazi na kulitoa nje amefaulu. Atakayelipangusa kwa tambara na kuendelea hajawa tayari, hata akijua madaraja yote tisa kwa moyo.

Vibao vya hatari vinavyobandikwa nje ya kontena havina ugumu: milimita 250 kwa 250, pande zote nne, na vya safari iliyopita vibanduliwe. Ugumu uko kwenye cheti cha upakiaji. Asisaini mtu wa ofisini ambaye hakuwepo: saini hiyo inathibitisha kontena lilikuwa safi na kavu, vifungashio vilikaguliwa, na visivyopatana havikuchanganywa. Tangu 1 Januari 2010 mafunzo ni lazima hata kwa wafanyakazi wa nchi kavu, kwa hiyo tunza kumbukumbu za kila kijana: amefundishwa nini, na lini.