Kocha Anajibu: Raba ya tenisi na mguu wako

Mvua zimekatika, viwanja vimekauka, na watu wamerudi kwenye tenisi wakiwa na raba zilezile wanazoendea sokoni. Ndiyo maana barua za safari hii karibu zote ni za viatu. Kabla ya kushika raketi kama kazi niliuza viatu soko la Karume, Dar es Salaam, kwa hiyo nitajibu kama kocha na pale inapobidi kama muuzaji.

*Kocha, habari za kazi. Nina miaka 46, nimeanza tenisi mwaka jana, tunacheza kwenye kiwanja cha saruji. Nilinunua raba za kukimbilia za bei mbaya, soli nene, laini kama godoro. Kifundo cha mguu wa kulia kimeshateguka mara mbili, na kucha za vidole gumba vyote viwili zimekuwa nyeusi. Muuzaji alisema ni raba za michezo yote. Tatizo ni mimi au viatu? – Mchezaji wa jioni, Kinondoni*

Kaka, raba yako ni nzuri, ila ni ya kazi nyingine. Anayekimbia barabarani anakwenda mbele tu, na mguu wake unatua vilevile hatua baada ya hatua. Kwenye tenisi muda mwingi unakwenda ubavu. Unaufuata mpira wa pembeni, unafunga breki kwa mguu wa nje, unageuka kurudi katikati, na hapo uzito wote unaangukia ukingo wa nje wa kiatu. Hilo godoro lako linabonyea upande mmoja, kitambaa chepesi cha juu kinavutika, mguu unatoka nje ya soli, na kifundo kinafuata. Soli ikiwa nene zaidi, mguu unakaa juu zaidi na unapinduka kirahisi zaidi.

Raba ya tenisi utaijua ukiishika. Ni nzito kidogo, imekaa chini, na soli yake imetanuka upande wa nje karibu na kidole cha mwisho. Ubavuni imezungushiwa kitu kigumu kisichovutika. Mbele, upande wa kidole gumba, mpira wa soli umepanda juu, kwa sababu ukisevu, yaani ukianzisha mpira, mguu wa nyuma unaburuzika. Minya kisigino chake kwa vidole viwili: kisilale. Ikunje: ikunjike pale vidole vinapoanzia, si katikati ya wayo. Ishike mbele na nyuma uisokote. Ikizunguka bila ubishi, mrudishie mwenyewe.

Kucha nyeusi zina sababu nyingine. Kila unaposimama ghafla mguu unateleza mbele na kidole gumba kinagonga ncha ya kiatu. Ama kiatu ni kifupi, ama ni kirefu lakini hukukifunga vizuri. Anza kwa kupima. Pima jioni, maana mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na jioni ndiyo unacheza. Weka karatasi sakafuni igusane na ukuta, simama juu yake kisigino kikigusa ukuta, uzito wote kwenye mguu huo, kisha mtu mwingine aweke alama kwenye kidole kirefu kuliko vyote. Kwa wengine ni cha pili, si gumba. Ukijipimia mwenyewe umeinama, utadanganyika. Pima miguu yote miwili, ufuate mkubwa.

Sasa fungua ulimi wa kiatu usome lebo. Sisi tumezoea kutaja namba za Ulaya, 42 au 43, lakini namba hizo kila kampuni inazitafsiri kivyake. Raba ya kiume ya Nike namba 42 ni 7.5 ya Uingereza, ya Adidas 42 ni 8. Namba itakayokusaidia ni ile iliyoandikwa CM au JP (ya Japani), ambayo inalenga urefu wa mguu wenyewe, kwa mfano 26.5 kwa sentimita au 265 kwa milimita. Mguu wako ukiwa sentimita 26, anza kujaribu 26.5, kisha 27. Vaa soksi zako za mchezo, funga kamba, simama. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Halafu cheza humohumo dukani: hatua tatu ubavu, simama ghafla, rudi. Muuzaji atakushangaa, lakini mwache ashangae. Akikuambia "itatanuka tu ukiivaa", jua anataka kufunga hesabu. Sisi wote tulikuwa tunasema hivyo. Ngozi laini hutanuka kidogo, ila ule ubavu mgumu wa raba ya tenisi hautanuki kiasi cha kukufaa.

Kuhusu kufunga: juu kabisa, karibu na kifundo, kuna tundu la mwisho ambalo watu wengi hawalitumii, limekaa nyuma kidogo ya mengine. Pitisha kamba kwenye tundu hilo upande uleule ili ibaki kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili. Kisha kamba ya kulia ipite kwenye kitanzi cha kushoto, na ya kushoto kwenye kitanzi cha kulia, uvute kuelekea chini, ufunge. Kisigino kinashikwa, na mguu hauendi mbele tena. Kucha zenyewe ziache zikue zitoke, usizing'oe. Na hicho kifundo: kama kilipoteguka hukuweza kukikanyagia hata hatua nne, au mfupa unauma ukiubonyeza, nenda ukapigwe picha kwanza, mambo ya raba yatafuata.

*Shikamoo kocha. Mimi ni mwanachuo, bajeti yangu ni elfu thelathini, kwa hiyo ni mtumba tu. Nitajuaje raba ya tenisi ya mtumba ambayo haijafa? – Mwanachuo, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Usione haya, raba bora kadhaa nilizowahi kuzishika zilitoka kwenye robota.

Kwanza, usidanganywe na weupe. Mtumba huoshwa, hupigwa brashi, na mwingine hupakwa rangi kuficha mikunjo. Kinachokufa kwenye raba si kile kinachoonekana. Ni ile sponji ya kati, iliyo kati ya mguu na mpira wa chini. Iangalie ubavuni upande wa kisigino: mikunjo midogo iliyolala kama imechorwa maana yake imeshakandamizwa ikachoka. Bonyeza kwa kidole gumba. Sponji hai inabonyea na kurudi. Iliyokufa inakataa kabisa, au inaingia na kubaki ndani.

Kisha weka zote mbili mezani, uchuchumae, uzitazame kwa nyuma. Zikiegemea ndani au nje, aliyezivaa ameziacha na mwendo wake, na mwendo huo utahamia kwako. Toa soli ya ndani. Utaona alama za vidole vya mwenye kiatu. Zikiwa zimechimbika sana na haziko sawa na vidole vyako, hesabu na bei ya kununua soli ya ndani mpya. Isipotoka kwa sababu imegandishwa, kuwa makini, hapo pengine kuna kitu kimefichwa.

Chini, angalia sehemu mbili: mpira ulio chini ya kidole gumba, na ukingo wa nje. Mistari ikiwa imelainika hapo tu na kwingine ni mipya, ujue ilichezewa kweli. Ukiona rangi nyingine inachungulia chini ya mpira, achana nayo.

Kuna mtego mmoja unaowakamata hata wazoefu, nao ni raba ambayo haikuvaliwa kabisa lakini imekaa ghalani miaka. Gundi imezeeka, na kama sponji yake ni ya poliyurethani, aina moja ya plastiki, unyevunyevu wa hewa umeshaivunja kwa ndani. Inang'aa, unalipa ukifurahi, wiki ya kwanza soli inabaki kiwanjani. Lebo ya ndani mara nyingi ina mwezi na mwaka wa kutengenezwa, kwa herufi ndogo. Ikizidi miaka sita hivi, ikunje kwa nguvu mbele ya muuzaji kabla hujatoa pesa. Afadhali ipasukie kwake.

Ukishainunua mpelekee fundi viatu aishone kuzunguka soli. Mwambie achane mfereji kwanza ili uzi uzame, maana uzi ukibaki juu, saruji itaumaliza haraka.

*Kocha, mguu wangu ni mpana, na mfupa wa kidole gumba umetokeza nje. Kila raba ya kike nikivaa inanibana pale pale. Nikichukua namba kubwa zaidi, kisigino kinapwaya. Nifanyeje? – Mama wa watoto wawili, Tanga*

Dada, kuongeza urefu hakutibu upana. Namba moja ya Ulaya inaongeza kama milimita 6.7 za urefu, na upana kidogo tu, kwa hiyo mfupa wako unabaki unabanwa na kisigino kinahama.

Viatu vya Marekani vina upana wake, huandikwa kwa herufi. Upana wa kawaida wa kike ni B, wa kiume ni D. Maana yake raba ya kiume ya urefu uleule ni pana kidogo, na hakuna mtu kiwanjani atakayekuuliza. Hilo ndilo ningelijaribu kwanza, kwa sababu linapatikana popote. Linganisha kwa sentimita, usifuate namba ya Marekani, maana ya kike na ya kiume hazilingani. New Balance wana raba za tenisi za upana wa ziada: kwa wanawake D, kwa wanaume 2E, na baadhi 4E. Huku kwetu hazijai madukani, lakini kama una ndugu anayesafiri, mwandikie herufi hiyo pamoja na namba.

Kipimo cha haraka ukiwa dukani: toa soli ya ndani, isimamie ukiwa umevaa soksi. Nyama ya mguu ikimwagika nje ya ukingo, raba hiyo itakubana hata muuzaji akiapa. Kwenye kamba, ruka matundu yaliyo usawa wa mfupa. Zipitishe wima upande huo bila kukatisha, shinikizo litapungua leo leo. Mfupa ukianza kuuma hata ukiwa umevaa ndala, muone daktari wa mifupa.

*Mwanangu wa miaka 12 ana nyayo bapa. Jirani anasema bila raba maalum atavunjika miguu. Zinauzwa wapi? – Baba Arusha*

Anaumwa? Kama haumwi, mwambie jirani asante. Majeshi ya Marekani yaliwahi kuwagawia askari wapya raba za kukimbilia kulingana na umbo la wayo, bapa au uliopinda, wakalinganishwa na wenzao waliopewa aina moja tu. Majeraha hayakupishana kwa kiasi cha maana. Mpe mtoto raba ya tenisi ambayo yeye mwenyewe anasema imemkaa, mwachie nafasi ya kidole gumba mbele, na usimnunulie kubwa "ili akue nayo". Atajikwaa. Mpime tena kila baada ya miezi michache. Akianza kulalamika maumivu, hapo ndipo daktari aingie.

*Tangu Mkenya mwenzetu Angella Okutoyi atwae taji la wasichana, wawili wawili, kule Wimbledon, Uingereza, mwaka 2022, binti yangu anataka raba za soli yenye vipele kama za kule. Tunacheza viwanja vya udongo. – Mzazi, Nairobi*

Vipele ni vya viwanja vya nyasi, kama vya Wimbledon. Kwenye udongo vitamtelezesha, na kwenye saruji vitasagika upesi. Udongo kama wa Nairobi Club unataka soli yenye mistari ya zigizaga kuanzia mbele hadi nyuma: inashika, inamruhusu ateleze kwa mpango, na udongo unadondoka wenyewe. Mwambie Wimbledon wanadai hata soli iwe nyeupe. Mwaka 2013 bingwa Roger Federer mwenyewe aliambiwa abadilishe raba zenye soli ya rangi ya chungwa. Binti akifika huko, raba hizo atanunuliwa na wadhamini.

*Raba zikilowa jasho, naweza kuzianika juu ya bati? – Msomaji, Dodoma*

Hapana. Bati la Dodoma saa saba mchana linalegeza gundi na kukausha sponji. Toa soli ya ndani na kamba, jaza magazeti ndani, weka kivulini penye upepo, ubadilishe magazeti yakilowa. Kama unacheza siku mbili mfululizo, jozi moja haitakauka vizuri, kwa hiyo ya pili si anasa.