Aliyeniuliza Kwanza Ndiye Aliyenitibu

Muundi wangu wa kulia ulianza kuuma nikijiandaa kwa nusu marathoni. Mwanzoni ulikuwa ukiuma dakika kumi za kwanza kisha unatulia. Baada ya wiki mbili ukawa unauma mpaka mwisho wa mbio, halafu ukaanza kuniamsha usiku.

Ushauri haukukosekana. Mmoja alisema nibadilishe viatu, mwingine nikande kwa maji ya moto, wa tatu akaapa dawa ni barafu tu. Rafiki yangu mwenye mbio kuliko sisi sote akasema, "Hiyo ni misuli inazoea. Kimbia, itaachia yenyewe." Huyo ndiye niliyemsikiliza, maana alisema nilichotaka kusikia. Wala hakunidanganya, muundi wake uliwahi kuuma ukaachia. Alikuwa anauelezea mguu wake.

Nilipokwenda kupima, eksirei ilitoka safi. Daktari akasema mfupa mzima, endelea. Nikaendelea siku tisa zaidi, nikichechemea.

Aliyenisaidia ni mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye kwa robo saa nzima hakunigusa. Aliuliza nilikuwa nikikimbia kilomita ngapi kwa wiki, na sasa ngapi. Nilitoka 20 hadi 45 ndani ya wiki tatu. Nilipozitaja kwa mdomo wangu niliona haya. Akauliza usiku hali ikoje. Kisha akauliza kama hedhi yangu inakuja kwa mpangilio. Nikashtuka: nimeleta mguu, hedhi inaingiaje hapa? Lakini kweli ilikuwa imepotea miezi mitatu, nami sikumwambia mtu. Akanieleza kwamba mwili usiopata chakula cha kutosha kwa kazi unayoufanyisha hupunguza homoni, na homoni zikipungua mifupa nayo hudhoofika.

Ndipo akapitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa ndani wa mfupa. Juu kimya, katikati kimya. Akafika mahali pasipozidi upana wa sarafu, nikaruka. Akasema maumivu yaliyotapakaa kwenye sehemu ndefu ya muundi mara nyingi si ufa. Yanayokaa nukta moja ndiyo ya kutilia shaka, na ufa mwembamba wa namna hiyo huweza usionekane kwenye eksirei wiki za mwanzo. Akaniandikia niende kwa daktari mwingine, nikapigwa MRI, picha ya sumaku inayoonyesha hata kile eksirei isichokiona. Ufa ulikuwepo.

Tangu hapo mshauri nampima kwa maswali anayouliza kabla ya kutoa jibu. Mwenye jibu tayari kabla hujamaliza kueleza, namshukuru naondoka. Anayetaja ugonjwa na papo hapo anauza dawa yake, huyo sihitaji hata kumshukuru. Na napenda anayesema lini ataamini kwamba amekosea. Mtaalamu wangu aliniambia, "Wiki ya nne ukiwa bado unaumia ukitembea, rudi, kuna kitu hatujakiona." Hata lile la barafu lina kisa chake: daktari Mmarekani Gabe Mirkin, aliyetoa mwaka 1978 ule utaratibu wa kupumzika, kuweka barafu, kufunga bandeji na kuinua mguu, miaka mingi baadaye aliandika mwenyewe kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona. Mtu wa hivyo mimi namwamini zaidi.

Nawe usiende mikono mitupu. Andika maumivu yalianza lini, ulikuwa unakimbia kiasi gani, nini kinayazidisha, nini kinayapunguza. Mimi hutia alama ya kalamu kwenye ngozi panapouma, kwa sababu ukishakaa mbele ya daktari maumivu hujificha.

Ila yapo mambo ambayo hayangoji uchague mshauri. Ukishindwa kukanyagia mguu, ukipata ganzi, au shavu la mguu likivimba na kuwa la moto, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mimi nilikaa wiki nane bila kukimbia, na kazi ngumu zaidi ilikuwa kujifunza kula vizuri. Siku ya kurudi niliruhusiwa kukimbia dakika moja na kutembea mbili, mara nane. Rafiki yangu akanipita kwa kasi, akanipungia mkono. Nikatazama saa; zilibaki sekunde 40 za kutembea.