Kucheza Gofu ya Diski kwenye Uwanja Uliotelekezwa

Hapa Ohio, Marekani, ninakoishi, si ajabu kukuta ndani ya bustani ya umma uwanja wa gofu ya diski, mchezo wa kurusha diski hadi iingie kikapuni kwa mirusho michache iwezekanavyo, ulioachwa hadi ukageuka pori: nyasi zimefika magotini, sakafu za zege za kurushia zimepasuka, na vikapu vya minyororo vimeinama na kushika kutu. Tangu Ed Headrick abuni kikapu hicho huko California katika miaka ya 1970, viwanja vya aina hii vimeenea kwa sababu ni rahisi kuvijenga, na nadhani ndiyo sababu pia ya kutelekezwa kwake, kwani mara nyingi hutunzwa na watu wachache wanaojitolea, nao wakihama au wakichoka hakuna wa kufyeka. Mimi huvipenda, maana havina foleni, ila havichezeki kwa mbinu za uwanja unaotunzwa.

Jambo kubwa ni hili: kwenye uwanja kama huo, rusha diski mahali utakapoiona, hata kama ni mbali na kikapu. Kanuni rasmi humpa mchezaji dakika 3 za kutafuta diski iliyopotea, kisha huongezewa mrusho mmoja wa adhabu na kurudi aliporushia, kwa hiyo mirusho miwili mifupi katikati ya njia ina faida kuliko mmoja mrefu unaoishia kichakani. Diski za kasi, zenye ukingo mpana na mkali, zikitua hupenya chini ya nyasi na kuteleza mita kadhaa bila kuonekana. Za mwendo wa polepole, zile za kurushia karibu na kikapu na za masafa ya kati, hushuka karibu na pale ulipoziona zikielekea. Chukua za rangi ya waridi au ya chungwa, uandike namba yako ya simu upande wa chini, na ile unayoipenda kupita zote uiache nyumbani.

Diski ikiwa hewani, usigeuke kumlalamikia mwenzako. Itazame hadi itoweke, kisha chagua alama iliyo nyuma yake, kwa mfano mti uliobambuka gome upande mmoja, na utembee moja kwa moja kuielekea alama hiyo bila kukwepa majani marefu, kwa sababu ukizunguka hatua chache tu mstari unakupotea. Mkiwa wawili, mmoja asimame mbele, pembeni ya njia, nyuma ya mti, aone diski inakotua.

Vibao vya kuonyesha njia vikiwa vimeng'oka, programu ya simu ya UDisc huonyesha ramani za viwanja vingi, lakini kikapu huenda kilihamishwa, hivyo tembea kwanza ukione kwa macho. Sakafu ikiwa imepasuka, rusha ukiwa umesimama; kifundo cha mguu hakistahili kuponzwa na mchezo wa Jumamosi. Kikapu kilichokatika minyororo hupitisha diski iliyorushwa kwa nguvu, kwa hiyo itupe taratibu, ukingo wake wa mbele ukiwa umeinuka kidogo, idondoke yenyewe kapuni.

Vaa suruali ndefu, uichomeke ndani ya soksi, na ukirudi ujikague kwapani na nyuma ya magoti, kwani kupe wa huku hueneza ugonjwa wa Lyme. Jihadhari pia na mmea wa poizoni aivi, wenye majani matatumatatu, ambao hauwashi papo hapo kama upupu. Aghalabu malengelenge hutoka baada ya siku moja au zaidi, wakati umeshasahau ulikopita.

Kuokota takataka hakuhitaji ruhusa ya mtu, lakini panga usiende nalo. Miti na vichaka ni mali ya umma, na kanuni zenyewe humkataza mchezaji kuvunja matawi ili apate njia. Anayetaka kufyeka aende kwanza katika ofisi ya bustani ya mji, aulize ni sehemu gani inaruhusiwa kukatwa na nani atabeba majani yaliyokatwa.