Ndege wa Januari na Fedha za Watoto

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: safari ya kuwinda inayoandaliwa ili kuchangisha fedha za watoto ni hisani ya kweli, au ni anasa iliyovikwa joho la hisani?

Nasema ni hisani ya kweli, mradi waandaaji wawe wazi kuhusu ndege wanaouawa na fedha zinazobaki. Mawindo ninayoyajua ni ya fezanti katika jimbo la South Dakota, Marekani, hasa yale ya mwisho wa msimu. Wageni hulipa ili waongozwe mashambani kwa siku moja au mbili, jioni huwa na mnada, na kinachosalia hupelekwa kwa shirika la kuwahudumia watoto.

Fezanti ni wa jamaa moja na kuku na kwale. Dume ana kichwa cha kijani kinachong'aa, uso mwekundu, pete nyeupe shingoni na mkia mrefu. Jike ana rangi ya majani makavu, na akijibanza kwenye nyasi unaweza kumpita bila kumwona. Asili yao ni Asia. Wale wa kwanza kustawi Marekani walipelekwa Oregon kutoka Shanghai mwanzoni mwa miaka ya 1880 na Owen Denny, aliyekuwa konseli wa Marekani mjini humo. South Dakota ilifungua msimu wake wa kwanza mwaka 1919, siku moja tu, katika kaunti ya Spink. Mwaka 1943 fezanti akatangazwa kuwa ndege wa jimbo. Wenyeji wanamwonea fahari, na ndiyo maana harambee inayojengwa juu yake huvuta watu.

Sheria ya huko inaruhusu kupiga madume peke yao, watatu kwa kila mwindaji kwa siku, na hakuna kufyatua kabla ya saa nne asubuhi. Hilo la madume ndilo kiini cha jibu langu. Dume mmoja hupanda majike kadhaa. Baada ya hapo jike huatamia peke yake kwa siku kama 23 na kulea makinda peke yake, dume hana sehemu katika kazi hiyo. Kwa hiyo ifikapo Januari, madume waliobaki huwa ni wengi kuliko wanaohitajika kwa uzazi wa mwaka unaofuata, na kuwapunguza hakupunguzi makinda. Kinachoamua idadi yao ni ukali wa baridi na wingi wa nyasi za kutagia. Ukitaka kuwasaidia fezanti, wasaidie wakulima wabakize nyasi, kama unavyofanya mpango wa serikali kuu uliotokana na sheria ya kilimo ya mwaka 1985, unaowalipa wakulima waache sehemu ya ardhi bila kuilima.

Tangu mwaka 2020 msimu wa kawaida umeongezwa hadi tarehe 31 Januari, na siku hizo za mwisho ndizo ninazozipenda. Ndege wajinga wameshaondoka. Waliosalia wanajua sauti ya mlango wa gari ukifungwa kwa nguvu. Theluji ikitanda, hukusanyika kwenye vinamasi vya matete, ambako upepo hauwafikii, na mara nyingi hukimbia kwa miguu kabla hawajaruka. Hapo ndipo mwongozaji anapoonyesha thamani yake. Huwapanga watu wawili watatu mwisho wa kinamasi, wakae kimya kabisa, halafu wengine wanaingia kwa mstari kutoka upande wa pili, mbwa wakiwa mbele yao. Anajua ni wapi barafu ni nyembamba, maana chini ya matete yaliyosongamana haigandi sawasawa, na mbwa akizama hapo hali huwa mbaya haraka.

Halafu matete yanatikisika bila upepo. Mbwa anasimama, mkia umekakamaa, pua chini. Dume anapaa kama wima, akilia kwa sauti ya kukwaruza, mabawa yakivuma, na theluji iliyokuwa juu ya matete inamwagika. Mwongozaji anapaza sauti, "Dume!" Akisema, "Jike!" mitutu yote inabaki juu. Ndege akiruka chini chini pia anaachwa aende, hata akiwa dume, kwa kuwa nyuma yake huenda yuko mbwa au mtu. Usifyatue mpaka umeona anga chini ya ndege. Wote huvaa rangi ya machungwa iliyokolea, na mgeni anayepuuza sheria hizi hurudishwa garini, hata kama ametoa mchango mkubwa kuliko wote.

Ziko pia hifadhi binafsi ambako ndege waliofugwa huachiwa ili wawindwe, kuanzia Septemba hadi mwisho wa Machi. Siwalaumu wanaokwenda huko, lakini hoja yangu kuhusu madume waliozidi haiwahusu ndege wa aina hiyo. Waandaaji wawaambie wageni mapema ni ndege gani watakaowinda.

Sasa fedha. Hapa ndipo hisani nyingi zinapochechemea. Mwongozaji, mbwa, malazi, chakula na ardhi, vyote vina gharama. Tuseme mgeni amelipa dola 1,000 kwa safari ambayo sokoni ingeuzwa dola 700. Alichotoa sadaka ni dola 300. Sheria ya kodi ya Marekani inasema hivyo hivyo: anayelipa shirika la hisani na kupata kitu badala yake anaweza kudai nafuu ya kodi kwa kile kilichozidi thamani ya alichopokea, na malipo yakizidi dola 75 shirika lazima limpe maandishi yenye makadirio ya thamani hiyo. Tikiti ya bahati nasibu haihesabiwi kuwa mchango kabisa. Napendekeza waandaaji waisome hesabu hiyo mbele ya watu wote kabla mnada haujaanza: hiki kilikwenda kwenye gharama, hiki kimebaki kwa watoto. Safari ambayo mwenye shamba ametoa ardhi yake bure na waongozaji wamejitolea hupeleka sehemu kubwa zaidi kwa watoto kuliko ile ya kifahari yenye bei mara tatu. Mimi ningeichagua hiyo ya kwanza siku zote.

Kuna jambo moja ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha, nalo ni marisau yenyewe, yaani zile punje ndogo zinazotoka bundukini. Marisau ya madini ya risasi huacha vipande ndani ya nyama, vingine vidogo mno kuonekana, na kwa mtoto hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mwaka 2008 idara ya afya ya North Dakota, jimbo jirani, ilivitaka vituo vya kugawa chakula visiwape watu nyama ya paa ya kusaga iliyotolewa na wawindaji, kwa sababu hiyo hiyo. Basi safari inayobeba jina la watoto itumie marisau ya chuma. Katika ardhi nyingi za umma huko marisau yasiyo na sumu ni lazima, kwa hiyo si kitu kigeni. Umbali wa kufyatua utapungua kidogo na mwindaji atalazimika kusubiri ndege amkaribie, jambo ambalo mwongozaji mzuri hulifundisha hata hivyo.

Kwa hiyo nikialikwa Januari ijayo, nitawauliza waandaaji maswali matatu kabla ya kutuma fedha: ndege ni wa porini au wa kuachiwa, kiasi gani kitabaki kwa watoto, na marisau ni ya nini. Wakinijibu bila kusitasita, nitalipa siku hiyo hiyo na kuwaalika marafiki.